Kidogo cha Tumbo la Sultani

Hapo zamani, masultani walipokuwa wengi kuliko kuku na kila mji una wake, palikuwa na mji ukiitwa Kiwambao, na Sultani wake akiitwa Jabiri. Sultani huyu alikuwa mtu mwema akishiba, na Mungu alimjalia kushiba mara nyingi. Alikula, akala, hata akawa mviringo kabisa; umtazame kwa mbele, umtazame kwa ubavu, ni mamoja. Watu wa mji walinong'onezana kwamba Maulana hajulikani mbele wala nyuma ila kwa ndevu. Hayo ni maneno yao, mimi sikuongeza kitu.

Basi katika mji ule ilikuwa haramu kumzungushia Sultani uzi au kamba. Desturi yao ni hii: anayepimwa kwa uzi ni maiti, ili ikatwe sanda na lichimbwe kaburi. Kumpitishia uzi mtu aliye hai na afya zake ni kumwambia, "Kwaheri, tutaonana akhera." Hata washonaji wa kanzu za Sultani walikata nguo kwa kukisia macho na kuomba dua. Ndiyo maana Maulana alikuwa akivaa kanzu pana, ambazo ukipita upepo hujaa, na watumishi hushika pindo kila mmoja upande wake.

Ikawa siku moja, sikukuu ya Idi imekaribia na wageni wa miji jirani wamealikwa, Sultani akatamani mshipi wa dhahabu. Akamwita sonara aliyeitwa Mshamu, fundi wa bangili na mikufu, akamwambia, "Nataka mshipi unikae sawasawa, ncha ionane na ncha juu ya kitovu. Lakini uzi wako usinizunguke."

Mshamu akakuna kichwa. Hapo akasimama Waziri Burhani, mtu wa kilemba kikubwa na ulimi laini, aliyepata uwaziri kwa kusifu supu ya Sultani kabla hajaionja. Akasema, "Maulana, jambo hili dogo mno. Simama baina ya mikuki miwili, mmoja uguse ubavu wako wa kulia, mmoja wa kushoto. Kisha utoke. Nafasi itakayobaki ndiyo upana wako. Tutakata ufito kwa kipimo hicho, na mshipi utakuwa fito tatu."

Mambo yakafanywa hivyo, ufito ukakatwa. Lakini Mshamu, ambaye maisha yake yote alikuwa akikunja bangili, akainua mkono akasema, "Bwana Waziri, samahani. Kitu cha mviringo huzungukwa na upana wake mara tatu na kidogo."

"Na kidogo?" Waziri akageuka, macho yamemtoka. "Kidogo cha nini, ewe sonara? Wasema tumbo la Maulana lina ziada? Tumbo hili ni tatu kamili, halizidi hata unywele!"

Sultani akatabasamu, akalipapasa tumbo lake, akasema, "Tatu kamili. Vizuri sana." Mshamu akanyamaza, maana mbele ya mfalme hakuna atakayebishana juu ya tumbo la mfalme. Akachukua ufito, akaenda akafua mshipi wa fito tatu, mzuri kuliko yote aliyowahi kufua.

Siku ya Idi ikafika. Wageni wamekaa, zumari zinalia, Sultani akavishwa mshipi mbele ya watu. Wakavuta huku, wakavuta kule. Maulana akazuia pumzi, akaona nyota mchana, hata macho yakawa mekundu. Wapi! Ncha hazikuonana. Pakabaki pengo la vidole vinne, tena pale pale penye kitovu. Mgeni mmoja akakohoa. Wewe na mimi twajua kile hakikuwa kikohozi.

Aibu ile ikampanda Sultani kichwani. Akanguruma, "Vidole vinne vyangu vimekwenda wapi?"

Waziri Burhani akaona hapa pasipopatikana mwingine wa kulaumiwa, ni yeye. Akaruka mbele akasema, "Maulana, kikulacho ki nguoni mwako! Ufito ulilala kwa sonara siku zote hizi. Ameukata ncha ili aibe dhahabu. Ufito ukipungua kipande, mshipi umepungua vipande vitatu."

"Maulana, wallahi sikuukata!" Mshamu akalia. "Basi na upimwe upya, usimame tena baina ya mikuki."

"Mfalme apimwe mara mbili?" Waziri akafoka. "Mfalme ni kitambaa cha dukani? Adabu yako iko wapi?"

Basi Mshamu akatiwa gerezani, na hukumu ikatoka kwamba siku ya Ijumaa, baada ya sala, mkono wake wa kulia ukatwe. Na sonara asiye na mkono wa kulia, ndugu zangu, heri angekatwa shingo.

Sasa Mshamu alikuwa na dada yake, Zuwena, na Zuwena alikuwa na mume, Vuai. Na Vuai, Mungu amrehemu, hakuwa na kazi, hakuwa na shamba, wala hakuwa na haya. Mchana alilala, na jioni alikaa barazani mwa watu kutoa maoni. Lakini mkewe alimpenda, kwa sababu alimchekesha, na shemeji yake Mshamu alikuwa akiwaletea unga pindi ulipokwisha, asiulize lini watarudisha.

Habari zilipofika nyumbani, Zuwena akamkuta mumewe amejilaza kitandani.

"Vuai! Kaka yangu yuko gerezani nawe umelala?"

"Sikulala, nafikiri."

"Ndiyo unafikiri kwa kukoroma? Inuka! Mdomo huo unaotusumbua sisi kila siku, leo kawasumbue wakubwa. Na nisikufiche, mume wangu: ukirudi bila kaka yangu, usirudi."

Vuai akainuka, akajifunga shuka, akaenda. Njiani hakumsalimu mtu, maana alimpenda Mshamu kwa kweli, na lile wazo la mkono ule uliowalisha kuanguka mchangani halikumtoka. Lakini uso wake haukuwa na mazoea ya huzuni, hata mabawabu walidhani amekuja kuomba sadaka.

Akaingia barazani, akapiga magoti. "Maulana, nimekuja kumwombea shemeji yangu."

"Una hoja gani?" Sultani akauliza.

"Sina hoja, Bwana wangu. Nina mke."

Baraza zima likacheka, hata Sultani ndevu zikamtikisika, kisha akakumbuka hasira yake. Akanena, "Ewe mpumbavu, sikiliza. Waziri wangu asema kipande cha ufito kimekatwa. Nami nimeibiwa kidogo. Niletee hicho kidogo kilichopotea, nikione kwa macho yangu, kabla ya hukumu ya Ijumaa. Ukikileta, shemeji yako huru. Usipokileta, mkono wake utakatwa, na ulimi wako utaufuata."

"Na nikimleta na mwizi wake, Maulana?"

"Utapata utakacho."

"Na wezi wakiwa wengi?"

"Walete wote, hata wakijaa uwanja huu!"

"Maulana amesema, na baraza limesikia," akajibu Vuai, akatoka kinyumenyume kwa adabu. Msidhani alikuwa na hila yoyote. Hakuwa nayo hata chembe. Mdomo wake ulizoea kutangulia, na kichwa hufuata baadaye kikitweta.

Alipofika nyumbani hakuthubutu kuingia, akakaa kizingitini. Zuwena alikuwa uani akishona kawa, kile kifuniko cha chakula cha ukindu, huku akilia na kufuta kamasi kwa pindo la kanga. Alikuwa amemaliza uso wake wa duara, sasa anataka ukili, ule mkanda wa ukindu uliosukwa, wa kuzungushia ukingoni. Vuai akamwona ananyoosha ukili juu ya kawa, upande hadi upande, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Halafu akaongeza kipande, ndipo akakata.

"Mke wangu, hicho ulichoongeza ni nini?"

"Kidogo."

"Kidogo cha nini?"

"Sasa yamekuwa masihara, Vuai? Kidogo tu! Bila kidogo ukili haufungi. Mama alisema tatu na kidogo, na bibi alisema tatu na kidogo. Kaka yangu yuko gerezani, nawe waniuliza kidogo cha nini?"

Vuai akalikumbuka neno la Mshamu mbele ya Waziri, ambalo mji mzima ulikuwa ukilisimulia. Akasimama, akachukua uzi, akaingia jikoni. Akapima mdomo wa chungu: upana mara tatu, akazungusha, uzi haukufika. Pakabaki kidogo. Akapima ungo: kidogo. Akapima kinu: kidogo. Kisha akafanya jambo ambalo mtu mwenye kazi zake hawezi kulifanya, akachukua kila kile kidogo akaangalia chaingia mara ngapi katika upana wa chombo chake. Cha chungu kiliingia mara saba. Cha ungo, mara saba. Cha kinu, mara saba vilevile! Kitu kipana kina kidogo kikubwa, chembamba kina kidogo chembamba, lakini kila kimoja kimechukua fungu lile lile, kana kwamba vimekaa kikao vikapatana.

Basi akaanza kucheka. Akacheka hata akaketi chini baina ya vyungu. Zuwena akasimama mlangoni, mikono kichwani, akasema, "Ameshachanganyikiwa. Kaka sina, na mume nimempoteza."

"Zuwena," Vuai akasema, "nimewapata wezi. Ni wengi mno. Niazimie punda wa jirani, na kamba zote ulizonazo."

Ikafika Ijumaa. Watu wametoka msikitini wamejaa uwanjani mwa Sultani, wengine kwa huruma na wengine kwa umbeya. Mshamu ameletwa, mkono wake umewekwa juu ya gogo, naye mwenye upanga anaupima upanga kwa kidole. Zuwena yuko mbele, amejifunika kanga hadi puani, hatoi sauti. Mara watu wakasikia vurugu ya masinia na vyungu, na kelele za wanawake. Vuai huyo anaingia na punda, na juu ya punda na nyuma ya punda wamefungwa kamba kama wafungwa: chungu, ungo, kinu, sinia, ngoma, jiwe la kusagia, na boga moja kubwa lililofanana na mtu fulani ambaye sitamtaja. Nyuma yao wanawake wa mtaa mzima wanapiga makelele, "Vuai, rudisha chungu changu, nina maharage!" "Vuai wee, kinu changu nitwangie nini?"

Sultani akauliza, "Ni nini upuuzi huu?"

"Maulana, hawa ndio wezi. Uliagiza niwalete wote hata wakijaa uwanja, lakini punda ni mmoja. Nimekuletea wakubwa wao."

"Vyungu wameniibia mimi?"

"Kila mmoja ameiba kidogo, Bwana wangu. Tena kidogo kile kile. Nipe ruhusa niwahoji."

Sultani alikuwa ameshiba mchana ule, kwa bahati. Akasema, "Wahoji."

Vuai akachukua uzi. Akanyoosha juu ya mdomo wa chungu, akakata kipimo cha upana mara tatu, akakizungushia chungu. Uzi haukufika. Akauliza kwa sauti ya kadhi, "Ewe chungu, kidogo cha Maulana kiko wapi?" Chungu kikanyamaza. "Amenyamaza, Maulana. Dalili ya hatia." Akaenda kwa ungo, akaenda kwa sinia, akaenda kwa ngoma, akaenda kwa boga. Kila mahali uzi ukapungua, na kila mahali Vuai akaonyesha jinsi kile kilichopungua kinavyoingia mara saba katika upana. Watu wakaanza kusogea kwa udadisi. Mwenye upanga naye akaacha gogo akaja kuchungulia.

Waziri Burhani akaona mambo yanaharibika. Akasema, "Maulana, hivi ni vyombo vya makabwela. Vyombo vya makabwela huiba, ndiyo tabia yao. Kapime vya kwako mwenyewe, uone!"

"Bwana Waziri amesema kweli," Vuai akajibu. "Tusiwaonee maskini peke yao."

Ikaletwa sinia ya dhahabu ya Sultani. Kidogo. Ikaletwa ngoma kuu ya kutawazia wafalme. Kidogo. Wakaenda hata kisima cha uwanjani, wakakipima mdomo. Kidogo! Vuai akainua macho, akatazama huku na huku kama mtu atafutaye kitu kingine cha mviringo, macho yakatua juu ya Waziri.

"Kilemba, Bwana Waziri. Tafadhali."

"Hukumu gani hii! Mimi kichwa changu..."

"Kivue," akasema Sultani.

Kilemba kikavuliwa. Kumbe kichwa cha Burhani kilikuwa kimenyolewa, mviringo kama dafu, kinang'aa juani. Vuai akakipima upana kwa heshima zote, akakata uzi mara tatu, akauzungusha. Ncha hazikuonana, pakabaki kidogo pale juu ya paji la uso. Mwanamke mwenye maharage akapiga kigelegele.

"Maulana," Vuai akasema, "hata Waziri ameshiriki. Ama nchi nzima imekuibia, tukatwe mikono sote na pasibaki wa kukupikia, ama kila kitu cha mviringo kimeumbwa tatu na kidogo, na shemeji yangu alisema kweli mbele yako, akanyamazishwa."

Lakini Waziri hakuwa mtu wa kushindwa upesi. Akajifunika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Vyombo ni vyombo, na kichwa changu ni cha mtumwa wako. Maulana si chungu! Maulana si boga! Tumbo la mfalme ni tatu kamili. Nani atasema vingine, hali uzi haumzunguki?"

Sultani akamtazama Waziri, akatazama mshipi uliolala kwenye mto, akalitazama tumbo lake. Nafsi yake ilikuwa imegawanyika. Alipenda kuwa tatu kamili, lakini pia alitaka kujua.

"Wasemaje, Vuai? Uzi haunizunguki, nawe huna kipimo kingine."

"Uzi hautakuzunguka hata kidogo, Maulana. Uzi utalala chini, umenyooka. Uzunguke wewe."

"Nizunguke vipi?"

"Ulale, Bwana wangu. Nasi tukuviringishe."

Lahaula! Hata punda alinyamaza. Mabawabu wakashika mikuki, Zuwena akafumba macho, na Mshamu kwenye gogo lake akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji, mimi nilikuwa napoteza mkono tu." Lakini Sultani hakukasirika. Alikuwa akimtazama Vuai kama mtoto aliyeonyeshwa bembea. Tangu alipokalia kiti kile hakuna aliyemwambia acheze.

Akasema, "Watu wote wageukie ukuta. Atakayegeuza shingo, itabaki imegeuka."

Watu wakageukia ukuta. (Nani aliyesimulia basi yaliyotokea? Msiniulize maswali ya kipumbavu.) Likatandikwa shuka refu jeupe juu ya mikeka. Kwanza Maulana akasimama tena baina ya mikuki miwili, ufito wa mwanzo ukapitishwa katikati, ukaenea sawasawa. Haukukatwa hata unyoya. Vuai akatia kidole katika masizi ya chungu cha maharage, akampaka Sultani alama kubwa nyeusi penye kitovu, juu ya kanzu. "Niwie radhi, Maulana." Wakamlaza kifudifudi, masizi yakapiga alama kwenye shuka. Kisha Vuai upande wa kichwa, Mshamu amefunguliwa upande wa miguu, na mwenye upanga katikati maana ndiye mwenye nguvu, wakasukuma.

Maulana akaviringika. Ubavu, mgongo, ubavu wa pili, ndevu zikapeperuka, kiatu kimoja kikaruka, na tumbo likarudi chini, puu! Masizi yakapiga alama ya pili. Halafu kutoka chini ya kanzu ikatoka sauti ambayo watu wa Kiwambao hawakuwahi kuisikia. Sultani alikuwa akicheka. Alicheka hata tumbo likamtikisa mwenyewe, akashindwa kuinuka.

"Nirudisheni!" akasema katikati ya kicheko. "Nirudisheni nilikotoka!"

Wakamviringisha kurudi. Akataka tena. Mwenye upanga alilowa jasho siku ile kuliko siku zote za kazi yake.

Hatimaye Vuai akalaza uzi kutoka alama hata alama, umenyooka kama alivyoahidi, akaweka ufito juu yake: mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Pakabaki kidogo. Akaleta mshipi, akapima lile pengo la kitovuni: vidole vinne. Akapima kile kidogo kwenye shuka: vidole vinne. Watu wote walikuwa wameshageuka kitambo, na hakuna shingo iliyozungumziwa.

"Maulana," Vuai akasema, "uliniagiza kidogo chako kilichopotea, ukione kwa macho yako. Ndicho hiki. Hakikuibwa. Tangu mwanzo ulikuwa umekivaa."

Sultani akakaa kitako juu ya shuka, amepakaa masizi hadi kidevuni. Akasema, "Mshamu, ulisema kweli nami nilisikia. Nilipenda uwongo kwa sababu ulikuwa mwembamba. Niwie radhi." Na Mshamu akalia pale pale, akaukumbatia mkono wake wa kulia kama mwana aliyerudi, naye Zuwena akapita katikati ya mabawabu akamkumbatia yeye na mkono wake pamoja.

Halafu uso wa Sultani ukageuka. "Burhani! Vuai, nilikuahidi utakacho. Wataka mkono wa Waziri? Gogo lipo, na upanga upo."

Waziri akaanguka kifudifudi, na kwa kuwa naye alikuwa mnene kiasi, nusura aviringike.

Vuai akafikiri. Mara hii kichwa kilitangulia mdomo. "Hapana, Maulana. Mikono miwili ataihitaji. Bwana Waziri alisema hakuna kidogo. Basi na apewe hicho kidogo akipime mpaka kiishe. Ni mara ngapi kinaingia katika upana, kamili, pasibaki kitu. Siku atakayokimaliza, arudi kwenye uwaziri wake na kilemba chake."

"Adhabu hiyo ni nyepesi mno," Sultani akasema.

"Nakubali!" Waziri akadakia kabla neno halijabadilika. "Nakubali, Maulana! Kabla ya alasiri nitakuwa nimekwisha."

Akapewa uzi, akaketi kivulini mwa ngoma kuu. Akapima kidogo katika upana: mara saba. Akainua kichwa kwa furaha atangaze, akaona uzi wake umebaki na ncha. Saba, na kidogo cha kidogo. Akakichukua kile kidogo cha kidogo, akakipimia kidogo chenyewe. Kikaingia, kikaingia, na mwisho kikabaki kidogo kingine. Akasema uzi ule mnene, aletewe wa hariri. Kikabaki. Akasema hariri nayo ni nene, akang'oa unywele wa ndevu zake mwenyewe. Kikabaki.

Alasiri ikapita, na magharibi nayo. Wanawake wakachukua vyungu vyao wakaenda zao, na maharage yakaliwa usiku. Vuai, alipoulizwa tena atakacho, akataka kidogo cha kila kitu cha mviringo kilichomo jikoni mwa Sultani, akala mikate, maandazi na sinia nzima za wali, kidogo kidogo, hata akashindwa kutembea na punda akamchukua. Mshamu akauongeza mshipi vidole vinne, ukaonana ncha kwa ncha. Lakini Maulana hakuuvaa mara nyingi. Kila Ijumaa baada ya sala alitandikiwa shuka, akavuliwa mshipi usije ukamchoma, akaviringishwa.

Naye Waziri Burhani yuko pale pale kivulini. Kilemba chake kimewekwa juu ya ngoma, kinamngoja, na ndevu zake hazina tena unywele wa kung'oa. Wapitao humsalimu, "Bwana Waziri, umebakiza nini?" Naye hujibu bila kuinua macho, "Kidogo tu."

Yangu yamefika ncha kwa ncha. Kama kuna kidogo kilichobaki, kamwulizeni yeye.